Nani Mwenye Haraka?

Wahenga wetu hawakutuachia jibu moja kuhusu haraka. Walituambia kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba mwenda pole hajikwai; kisha hao hao wakageuka na kutuonya kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wapo wanaodhani kwamba hapo wazee walijipinga wenyewe. Mimi sidhani hivyo. Naona walijua kwamba haraka peke yake si wema wala si uovu, na kwamba swali la kuuliza ni hili: haraka ya nani, na kwa faida ya nani?

Nataka kulichunguza swali hilo mahali ambapo watu wengi hawatarajii kukuta falsafa yoyote, yaani ubavuni mwa mtoto mdogo anayejifunza kusoma. Kila aliyewahi kukaa na mtoto wa namna hiyo anaijua hali ninayoisema. Mtoto anasoma, kidole kiko chini ya maneno, mara anafika kwenye neno refu na kukwama. Kimya kinaingia. Mkubwa aliyeketi naye analijua neno lile; liko mdomoni mwake tayari. Je, alitaje ili safari iendelee, au angoje? Ni jambo la sekunde tatu au nne tu. Hata hivyo ndani ya sekunde hizo mna maswali makubwa. Nini maana ya kumsaidia mtu? Ni wakati gani msaada hugeuka kuwa kumnyang'anya yule anayesaidiwa? Na ule muda tunaouokoa tunapomharakisha mtoto, huwa tunamwokolea nani?

Nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi kabla ya kuwa mwalimu mkuu, na chuoni tulifunzwa mbinu nyingi za kusomesha. Lakini mfano ulionifanya nilitazame swali hili kwa macho mapya sikuupata katika shule zetu, wala katika Kiswahili. Niliupata California, Marekani, nilipokwenda kukaa miezi mitatu na binti yangu na mumewe. Nao ulikuwa katika Kihispania, lugha nisiyoijua.

Msomaji huenda akashangaa: mtoto wa wazazi wa Kitanzania, tena Marekani, anasomeshwa Kihispania kwa sababu gani? Jambo hili lina historia yake. Baada ya mapinduzi ya Cuba ya mwaka 1959, familia nyingi za nchi hiyo zilikimbilia mji wa Miami, na mwaka 1963 shule ya msingi ya Coral Way mjini humo ilianza kuwafundisha watoto wa Kikuba na watoto wa Kimarekani kwa lugha zote mbili, Kihispania na Kiingereza. Utaratibu huo ulienea, kisha ukapigwa vita. Huko California, mwezi wa Juni mwaka 1998, wapiga kura zaidi ya asilimia 60 waliunga mkono sheria iliyotaka watoto wafundishwe karibu kila kitu kwa Kiingereza, isipokuwa pale mzazi alipoomba ruhusa maalumu. Baada ya miaka 18, yaani Novemba 2016, wapiga kura wa jimbo lilo hilo, safari hii zaidi ya asilimia 70, waliifuta sehemu kubwa ya sheria hiyo. Siku hizi wazazi wengi wasio na asili yoyote ya Kihispania huwaandikisha watoto wao kwa hiari katika madarasa ya lugha mbili. Katika aina moja ya madarasa hayo, mtoto wa shule ya awali husomeshwa kwa Kihispania karibu asilimia 90 ya siku, na Kiingereza huongezwa mwaka hadi mwaka mpaka lugha hizo zilingane. Binti yangu na mumewe waliuchagua utaratibu huo. Kwa hiyo mjukuu wangu, msichana wa miaka saba, alikuwa akizungumza Kiswahili nyumbani na Kiingereza uwanjani, lakini lugha aliyoanza kusomea ilikuwa Kihispania.

Kila jioni alirudi na kijitabu. Kimoja kilihusu njia za kusafiri haraka. Kilikuwa chembamba, chenye picha kubwa na mistari miwili mitatu katika kila ukurasa: treni, motaboti, ndege, helikopta, roketi. Ilinipasa mimi kukaa naye, kwa kuwa mama yake ni muuguzi anayefanya kazi kwa zamu, na baba yake alirudi usiku.

Sasa, mtu asiyejua lugha atamsaidiaje mtoto kuisoma? Jibu ni kwamba Kihispania ni lugha yenye huruma kwa msomaji mchanga, kama kilivyo Kiswahili chetu. Kina irabu tano, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, karibu sawa na zetu. Mtoto wa Kihispania hupitia ma, me, mi, mo, mu kama tulivyopitia sisi. Akishazijua silabi, huweza kulisoma neno ambalo hajalisikia tangu azaliwe. Kwa Kiingereza sivyo. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha Kiingereza na lugha nyingine 12 za Ulaya. Waliona kwamba katika nchi nyingi watoto walikuwa wameshika misingi ya kusoma kabla ya mwaka wa kwanza wa shule kwisha, ilhali waliosoma kwa Kiingereza walihitaji muda wa zaidi ya mara mbili. Watoto hao hawakuwa wajinga. Njia yao ilikuwa na mashimo mengi zaidi.

Kwa hiyo niliweza kumfuata mjukuu wangu kwa macho, silabi kwa silabi. Zilikuwapo sheria chache zilizonipita, naye alinifundisha. Alipofika kwenye picha ya roketi alisoma "ko-e-te". Nikamwonyesha herufi h katikati ya neno, maana limeandikwa *cohete*. Akanijibu kwa upole wa mwalimu, "Hiyo haisemi kitu, Babu. Inakaa tu." Neno la safari, *viaje*, alilisoma kwa sauti ya kh iliyomo katika neno letu kheri. Ile n yenye kiwimbi juu yake akaniambia ni "ny kama ya nyumba". Nami nilimpa kitu changu. Nilimwonyesha kwamba meza ya Kiswahili na *mesa* ya Kihispania, bendera yetu na *bandera* yao, ni maneno yenye damu moja, kwa sababu Wareno waliofika pwani yetu lugha yao ni jirani wa Kihispania. Tulipofika kwenye treni ya Japani, kitabu kiliiita *tren bala*, yaani treni ya risasi. Masikioni mwetu neno hilo li karibu mno na balaa. Tulicheka sana wote wawili.

Kisha tukafika kwenye neno *velocidad*, yaani mwendokasi. Alianza vizuri: ve, lo, si. Akakwama mwishoni, kwenye ile d isiyofuatwa na irabu, jambo ambalo mdomo uliolelewa kwa Kiswahili haulipendi. Akaninyanyulia macho.

"Babu, mbona huniambii?"

"Silijui, mjukuu wangu. Tulitazame pamoja."

Akarudisha macho kwenye ukurasa. Akavuta pumzi, akaanza upya, na mara ya tatu akalipata lote.

Jioni nyingine mama yake alikuwapo, akipika. Yeye Kihispania alikwishajifunza kiasi kazini. Mtoto alipokwama, mama alilitamka neno kutoka jikoni, kwa mapenzi kabisa, na usomaji ukaendelea. Lakini niliona kitu ambacho sijakisahau. Baada ya mara mbili tatu, kila alipofika kwenye neno refu, macho ya mtoto yaliondoka ukurasani yakaelekea jikoni. Alikuwa amelitafuta neno mahali alipojifunza kwamba linapatikana, yaani mdomoni mwa mama yake.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Tunapomtajia mtoto neno ambalo angeweza kulifikia mwenyewe, tunampa neno moja na kumfundisha, pasipo kukusudia, somo jingine kubwa zaidi: kwamba maana haimo katika herufi, imo katika watu wakubwa, kwamba anayetaka kujua hana budi kuinua macho na kuomba. Na mtu aliyejifunza kuinua macho na kuomba anaweza kubaki hivyo hata akiwa na ndevu. Tumewaona watu wazima wanaotia sahihi mkataba wa shamba kwa sababu mwenzao amewaambia kilichoandikwa. Kusoma, kimsingi, ni uwezo wa kupata neno bila kumsujudia mwenye nalo. Kwa hiyo sekunde zile za kimya si suala la mbinu za darasani tu. Ni suala la uhuru.

Mtu anaweza kusema: lakini wewe ulingoja kwa sababu hukuwa na la kufanya. Ni kweli, na ndiyo maana nasema mfano huu ulinifungua macho. Kutojua kwangu kulikuwa kama ulinzi kwa mtoto. Sikuweza kumnyang'anya neno kwa kuwa sikuwa nalo. Yule anayelijua neno ndiye mwenye mtihani, kwa sababu yeye hana budi kungoja kwa hiari, huku ulimi ukimwasha. Kuwa na kitu, kukijua kuwa ni chema, kisha kukizuia kwa muda ili mwenzako akifikie kwa miguu yake: hiyo ni adabu ngumu, na watu wengi wenye roho nzuri hawaiwezi, kwa sababu ya ile roho nzuri yenyewe.

Kijitabu kile kilisaidia kuniwekea jambo hili wazi. Vyombo vyote vilivyochorwa humo vina sifa moja: vinambeba msafiri. Treni ya Japani iliyoanza Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka ilikwenda hadi kilomita 210 kwa saa. Ile ya Hispania iliyofunguliwa Aprili 1992 kati ya Madrid na Sevilla ilizifanya kilomita zipatazo 470 kuwa safari ya chini ya saa tatu. Ndege ya Concorde, iliyobeba abiria tangu 1976 hadi 2003, ilipita mara mbili ya kasi ya sauti. Abiria wa vyombo hivyo anaweza kulala usingizi njia nzima na bado akafika. Mwili wake umefika, na hakuna aliyemdhulumu. Lakini hakuna chombo kinachoweza kumbeba mtoto hadi mwisho wa sentensi. Ukimbeba, hajafika, umefika wewe. Katika mambo ya akili na ya moyo, njia na mwisho wake havitenganiki. Hakuna anayeweza kuwa mvumilivu kwa niaba yangu, wala kunielewea, wala kunitubia. Kusoma kumo katika fungu hilo la mambo.

Hata hivyo nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo, kana kwamba polepole ni utakatifu. Mjukuu wangu aliwahi kuleta nyumbani karatasi iliyoonyesha ni maneno mangapi alisoma kwa sauti katika dakika moja, na kwamba idadi hiyo ilikuwa chini ya ile iliyotakiwa kwa majira yale ya mwaka. Hapakuwa na neno jingine lolote juu yake, wala la kumsifu wala la kumwelekeza. Mtoto hakusema kitu, ila usiku ule hakutaka kijitabu. Binti yangu alinijia baada ya kumlaza.

"Baba, labda tunamchelewesha. Nimefikiri kuanzia kesho nimpimie kwa saa ya simu."

"Una hofu ya nini, mwanangu?"

"Ya kwamba wenzake watamwacha. Huku, aliyeachwa darasa la kwanza na la pili hafikiwi tena. Lugha tatu, Baba! Nimemtwika mzigo mimi mwenyewe."

Sikuidharau hofu ile. Kipimo cha dakika moja si upuuzi. Akili ya mtoto ni kama kiganja kidogo: ikishika silabi moja moja kwa taabu, kufikia mwisho wa mstari ya kwanza imekwisha kudondoka, na sentensi haileti maana. Kasi ya kiasi inahitajika ili maana ishikamane. Ndiyo sababu kipimo cha aina hiyo kilifika hata kwetu; mwaka 2013 kilitumika Tanzania kuwapima watoto wa darasa la pili kwa Kiswahili, na mtaala wa madarasa ya kwanza na ya pili wa mwaka 2015 uliweka mkazo kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kumwacha mtoto ajikongoje kwa miaka, tukijisifu kwamba tunamvumilia, ni uzembe uliovaa kanzu ya hekima. Hapo ndipo methali ya chelewa chelewa inapotuhusu.

Tena sisi Watanzania tunaijua haraka yenye haki. Mpango wa kuwapatia watoto wote elimu ya msingi ulikuwa ukamilike mwaka 1989. Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, tarehe hiyo ilivutwa nyuma hadi 1977. Mtoto wa miaka saba mwaka 1977 angengoja hadi 1989 angekuwa na miaka 19; hakuna mtoto anayeweza kuzuiwa asikue wakati serikali inajiandaa. Haraka ile ilikuwa haki yake. Vijana waliomaliza darasa la saba walipewa ualimu na kufunzwa huku wakifundisha, madarasa yakajaa pomoni, na mamilioni wakaiona kalamu. Walakini sisi tuliokuwa ndani ya madarasa hayo tunajua pia upande wa pili. Mwalimu mmoja mbele ya watoto 70 au 80 hawezi kumngoja mtoto mmoja. Tulisomesha kwa kwaya: ba, be, bi, bo, bu, wote kwa sauti moja. Na ndani ya kwaya mtoto asiyejua kitu aliweza kujificha mwaka mzima, akifungua mdomo kwa wakati unaofaa. Nchi ilikuwa na haki ya kukimbia ili kumfikisha mtoto mlangoni. Lakini ndani ya mlango ule, mwendo ulikuwa wake, na hapakuwa na mtu wa kuketi naye. Kosa halikuwa la mwalimu. Upungufu ulikuwa wa watu wenye muda.

Kutokana na hayo naona tutenganishe haraka za aina tatu, maana kuzichanganya ndiko kunakotupoteza. Ya kwanza ni haraka ya mtoto mwenyewe, anayetaka kujua ukurasa ufuatao una nini. Haraka hiyo ni tunu, na isizimwe kwa jambo lolote. Ya pili ni haraka ya mzazi, ambayo aghalabu ni hofu. Ya tatu ni haraka ya wasimamizi wa shule wanaotakiwa kujaza takwimu. Hizi mbili za mwisho si haramu, lakini ni watumishi wa ile ya kwanza. Zikipanda juu ya shingo yake, zinaiua. Na mtoto aliyeuawa haraka yake mwenyewe utampimia kwa saa mpaka uchoke.

Katika nyumba ile tulipatana hivi. Mara ya kwanza ya kusoma ukurasa, hakuna saa na hakuna wa kutaja neno. Baada ya hapo tunazungumza juu ya picha. Nilimwuliza kwa Kiswahili kwa nini pua ya treni ile imechongoka, naye akafikiri ni ya kupasulia upepo. Nikamweleza kwamba nasi sasa tuna treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kuendelea hadi Dodoma baadaye mwaka huo huo, ikienda hadi kilomita 160 kwa saa. Macho yakamtoka. Akataka kurudia ukurasa, na safari hii alikwenda mbio bila kuambiwa. Alikuwa kama dereva anayeijua barabara: kasi yake ilitokana na kujua mashimo yalipo. Alipofika kwenye helikopta, *helicóptero*, alikata silabi tatu tu, kisha akalitambua neno kwa Kiswahili, akaruka hadi mwisho kwa kelele. Binti yangu aliyekuwa akisikiliza alinyamaza, na ile saa ya simu hakuitaja tena. Ile idadi ya maneno ilipanda kidogo kidogo. Haikupanda kwa muujiza, na mimi sikukaa muda wa kutosha kuona mwisho wake.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanalielewa kinyume. Wazazi walio ugenini huambiwa, au hujiambia, kwamba lugha ya nyumbani inamwibia mtoto nafasi ya lugha ya shule. Mimi niliona kinyume chake. Herufi alizisoma kwa Kihispania, lakini maana aliijenga kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha aliyokuwa na maswali ndani yake. Mtoto wa Malabo, katika Guinea ya Ikweta, naye hujifunza kusoma kwa Kihispania, na nyumbani huzungumza Kibubi au Kifang; nchi yake haina reli hata moja. Atalisoma neno *tren* bila taabu, herufi nne tu. Lakini ni nani atakayemwambia treni ni kitu gani, na kwa lugha gani, kama si bibi au babu yake kwa lugha ya nyumbani? Sauti huweza kutoka kitabuni. Maana inataka mtu wa kuzungumza naye.

Je, basi tungoje daima? La hasha. Nimefika kwenye kanuni moja, nami naitoa kwa msomaji aijaribu. Ngoja pale ambapo mtoto ana zana. Mpe pale ambapo hana. Neno *velocidad* zana zake alikuwa nazo zote, hata kama zilikuwa nzito mkononi. Kumtajia kungekuwa kumpunja. Lakini katika kijitabu kile kile lilikuwamo jina Concorde, neno la Kifaransa lisilofuata sheria alizofundishwa. Silabi zake zisingemfikisha popote. Hapo kunyamaza kungekuwa ukatili unaojiita malezi, nami nilimtamkia mara moja, tukaendelea. Anayengoja kila mahali hana tofauti na anayetaja kila neno: wote wawili wamekataa kumtazama mtoto huyu, mbele ya neno hili, na kujiuliza amebeba nini mfukoni.

Kanuni hiyo haiishii kwenye vitabu. Jirani anayekuja kukopa, kijana anayetafuta kazi, mgonjwa anayejifunza kutembea tena: kila mmoja anatutaka tujue kwanza ana nini mwenyewe, ndipo tupime cha kumpa. Msaada usiotanguliwa na kumtazama mtu ni haraka ya msaidizi ya kujiondolea usumbufu. Wala siwalaumu wenye haraka hiyo. Mama atokaye zamu ya usiku hana sekunde za kungoja. Mwalimu wa watoto 80 hana. Muda nao ni mali, na kama mali nyingine umegawanywa bila usawa.

Ndiyo maana neno langu la mwisho ni kwa wenzangu, wazee. Tumezoea kulalamika kwamba dunia imetupita, kwamba hatuna fedha, kwamba vijana hawatuulizi kitu. Lakini tunacho kitu kimoja ambacho nyumba nyingi hazinacho: hatuna pa kukimbilia. Tunaweza kukaa. Mtoto akikwama kwenye neno, sisi tunaweza kunyamaza naye hata dakika nzima, na hakuna basi litakalotuacha. Kujua lugha ya kitabu si lazima. Kuketi ni lazima, na kutazama, na kuuzuia ulimi. Kama kuna mtoto nyumbani kwako au kwa jirani anayefungua kitabu jioni, sogeza kigoda.